Mshahara Kwanza, Akaunti Baadaye: Maswali ya Wenye Kampuni ya Mtu Mmoja Marekani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, watu waliojiajiri, wana kampuni iliyosajiliwa kabisa lakini mfanyakazi ni mmoja tu na bosi ndo huyohuyo, na wote wanauliza pesa za uzeeni waziweke akaunti gani. Nimechagua nne. Viwango nilivyotaja ni vya mwaka 2026, manake IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huvibadilisha karibu kila mwaka.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mkalimani wa hospitali na mahakama hapa Minneapolis, nina miaka 46. Miaka mitatu iliyopita nilifungua LLC, yaani kampuni ndogo iliyosajiliwa, na mwaka jana mhasibu akanibadilishia ilipe kodi kama S-Corp, ambapo faida ya kampuni inatozwa kodi kwa mwenye kampuni. Kwa mwaka kampuni inabaki na kama dola 110,000 kabla sijajilipa chochote, najilipa mshahara 50,000 na inayobaki nachukua kama gawio. Sijawahi kuweka hata senti ya uzeeni na sasa naona miaka inakimbia. Mhasibu anasema nifungue SEP, akaunti ya kustaafu inayochangiwa na kampuni, ni fomu moja tu imeisha. Rafiki yangu anasema SEP ni ya zamani, nifungue Solo 401(k), mpango wa kustaafu wa kampuni ya mtu mmoja. Naweza kuweka kama 25,000 kwa mwaka nikijibana. Nimsikilize nani?
*Mkalimani, Minnesota*

JIBU: Msikilize rafiki yako, ila sio kwa sababu aliyoitoa. SEP kuwa ya zamani sio tatizo, tatizo ni hesabu yake ikikutana na mshahara wako.

Kwenye S-Corp pesa inakufikia kwa milango miwili, mshahara unaoandikwa kwenye W-2 (fomu ya mshahara ya mwaka), na gawio. Gawio ni tamu kwa sababu halikatwi Social Security wala Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee ya serikali), ambayo kwa mshahara ni asilimia 15.3 ukijumlisha upande wako na upande wa kampuni (na kampuni ni wewe, kwa hiyo usijidanganye kwamba kuna mtu anakulipia nusu). Lakini hilohilo gawio kwa mambo ya akaunti ya kustaafu halihesabiki kabisa, ni kama halipo. Kinachohesabiwa ni mshahara wa W-2 peke yake. Wengi hapo ndo wanapoteleza, wanachukua faida yote 110,000 wanapiga asilimia 25 wanafurahi, kumbe hesabu inaanzia kwenye 50,000.

Sasa tuje kwenye SEP. Anayeweka pesa kwenye SEP ni mwajiri peke yake, na mwisho wake ni asilimia 25 ya mshahara, yaani kwako ni dola 12,500. Basi. Hata uwe na pesa imejaa benki huwezi kuzidisha hapo. Ukitaka zile 25,000 zako ziingie SEP itabidi ujipandishie mshahara hadi 100,000, na hiyo nyongeza ya 50,000 itakatwa ile asilimia 15.3, dola 7,650 zimeondoka. Hata ukihesabu kwamba upande wa kampuni unapunguza faida inayotozwa kodi, bado ni hela nyingi kulipia fomu moja.

Solo 401(k) inakuruhusu uvae kofia mbili. Kama mwajiriwa unaweka hadi dola 24,500 kutoka kwenye mshahara wako, halafu kama mwajiri kampuni inaweka hadi asilimia 25 ya mshahara, zile 12,500. Jumla 37,000 kwa mshahara uleule wa 50,000, wala huhitaji kugusa chochote. Kupata 37,000 kwa SEP ungehitaji mshahara wa 148,000, ambao kampuni yako haina. Kikomo cha jumla kwa mtu wa chini ya miaka 50 ni dola 72,000 kwa aina zote mbili, ila huko juu hatujafika.

Kwa hizo 25,000 zako, ningekuwa mimi ningeanza na sehemu ya kampuni, zile 12,500, halafu nyingine 12,500 zitoke kwenye mshahara. Sababu ni kwamba ile ya kampuni haipiti kwenye Social Security na Medicare na inapunguza faida ya kampuni, wakati ile ya kutoka kwenye mshahara inakuepushia kodi ya mapato lakini Social Security na Medicare zinakatwa kama kawaida. Ukipenda sehemu ya mshahara iwe ya Roth, yaani ulipe kodi leo halafu uzeeni utoe bila kodi, Solo 401(k) nyingi zinaruhusu, ila uliza kabla ya kusaini kwa sababu sio kila kampuni ya uwekezaji inayo hiyo kwenye mkataba wake.

Kuna kitu hujaniuliza ila nitakisema. Kabla ya akaunti yoyote, kaa na mhasibu mkubaliane mshahara wako unasimamaje. IRS inataka mwenye S-Corp anayefanya kazi ajilipe mshahara unaolingana na kazi yenyewe, sio wa kujionea huruma. Kuna kesi ya mhasibu wa Iowa, David Watson, ilimalizika mahakama ya rufaa mwaka 2012, jamaa alikuwa anajilipa mshahara wa 24,000 kwa mwaka huku gawio lake mwaka 2002 limepita laki mbili, mahakama ikasema mshahara wa haki ulikuwa 91,044 na tofauti akailipia kodi, riba na faini. Sasa wewe 50,000 kwa 110,000 sio Watson, lakini ukalimani wa mahakama una viwango vinavyojulikana, kwa hiyo tafuta wakalimani walioajiriwa mjini kwako wanalipwaje na uweke hiyo karatasi kwenye faili. Ukiona mshahara wa haki ni 65,000 basi hata sehemu ya kampuni itapanda hadi 16,250, sio hasara yote.

Halafu utekelezaji, hapa ndo penye vurugu. Akaunti inafunguliwa kwa jina la mpango wa kampuni, kwa hiyo utahitaji EIN, yaani namba ya kodi ya kampuni, sio namba yako ya Social Security. Ufungue na uandike barua ya uamuzi, yaani karatasi inayosema nakatwa kiasi fulani kwenye mshahara, kabla ya mshahara wenyewe kulipwa, na kwa mwaka huu usivuke Desemba 31. Makato yapitie kwenye peiroli, yaonekane kwenye W-2 kisanduku cha 12 kwa herufi D, au AA kama ni Roth. Naona watu wanahamisha tu pesa kutoka akaunti ya biashara kwenda kwenye 401(k) mwezi wa pili wanasema hii ni ya mshahara wa mwaka jana, hapana, kwa S-Corp haiendi hivyo, mshahara umeshalipwa, mwaka umefungwa. Sehemu ya kampuni ndo ina nafasi, unaweza kuiweka hadi siku ya mwisho ya kupeleka ritani (taarifa ya kodi) ya kampuni, yaani katikati ya Machi, na ukiomba kuongezewa muda hadi katikati ya Septemba. Ukihamisha pesa hamisha mara mbili, usichanganye, na kila moja uandike ni ya nani.

Na usitumie vile vikokotoo vya mtandaoni bila kuangalia ni vya nani. Vingi vimetengenezwa kwa mtu asiye na kampuni, ambaye hesabu yake inatoka kama asilimia 20 ya faida halisi, wewe haikuhusu.

Mhasibu wako usimlaumu sana. SEP kweli ni karatasi moja, haina ripoti ya kila mwaka, na anayehangaika na makaratasi ya wateja wengi lazima aipende. Solo 401(k) nayo ikiwa ndogo haina kazi kubwa, ila siku mali zilizomo zikipita dola 250,000 kufikia mwisho wa mwaka, unatakiwa kupeleka fomu 5500-EZ kabla Julai haijaisha mwaka unaofuata. Hiyo fomu haina kodi hata senti, ni taarifa tu, lakini ukiisahau faini ni dola 250 kwa siku na inaweza kufika 150,000. Kwa 25,000 kwa mwaka utafika huko kabla hujafikisha 56, kwa hiyo iandike sehemu ambayo utaiona. Na siku ukiufunga mpango unaipeleka pia, hata kama mlikuwa na elfu kumi tu humo.

SWALI: Mambo vipi. Mimi ni dereva wa trela, trela langu mwenyewe, kampuni yangu S-Corp, niko Texas. Wife ndo anafanya mahesabu yote, kupiga simu kwa madalali wa mizigo, bili, kila kitu, ila halipwi. Nina Solo 401(k) tayari. Mwakani nataka kununua trela la pili nimuweke dereva. Kuna mtu kaniambia nikiajiri tu Solo inakufa. Kweli?
*Dereva, Houston*

JIBU: Poa kaka. Haifi siku hiyohiyo, lakini ndo mwanzo wa kuwa kitu kingine.

Tuanze na shemeji, maana hapo umeacha pesa mezani miaka yote hiyo. Mke wa mwenye kampuni haharibu Solo. Anafanya kazi ya kweli, muweke kwenye peiroli mshahara wa kweli unaolingana na hiyo kazi, na akishakuwa na W-2 anaingia kwenye mpango na kikomo chake mwenyewe, 24,500 zake, pamoja na asilimia 25 ya mshahara wake kutoka kwenye kampuni. Mkijaliwa kumlipa 30,000 anaweza kuweka hadi 24,500 humo na kampuni ikamuwekea 5,500, manake jumla haiwezi kuzidi mshahara wake wenyewe. Bila shaka mshahara wake nao utakatwa Social Security na Medicare, kwa hiyo usimlipe ili mradi tu, piga hesabu, lakini pia kumbuka anajijengea rekodi yake ya Social Security ambayo saa hizi ni sifuri.

Dereva sasa. Kwa kawaida mpango unaweza kumsubirisha hadi afikishe miaka 21 na amalize mwaka mmoja wenye saa 1,000 za kazi. Dereva wa trela wa kudumu saa 1,000 anazimaliza kabla ya nusu mwaka. Akishastahili lazima aruhusiwe kuingia, na hapo mpango wako unakuwa 401(k) ya kawaida yenye vipimo vya kila mwaka vya kuona kama mabosi hawajipendelei, ripoti ndefu zaidi, na mtu wa kulipwa kuusimamia. Hata wa muda mfupi mfupi sio salama siku hizi, anayefikisha saa 500 kwa miaka miwili mfululizo naye anaruhusiwa kuweka pesa zake.

Utasikia ushauri kwamba muite mkandarasi, mpe 1099 (fomu ya malipo ya asiyeajiriwa), yameisha. Kama trela ni lako, mafuta yako, wewe ndo unampangia mzigo na njia, jina la mkandarasi halitakuokoa wakija kukagua. Sikushauri.

Kama dereva anakuja kweli basi fikiria mapema mojawapo ya hizi. SEP inaweza kumsubirisha mfanyakazi hadi awe amefanya kazi kwako miaka mitatu kati ya mitano iliyopita, ila siku akistahili asilimia unayojiwekea wewe ndo hiyohiyo unayomuwekea yeye, ukijiwekea 20 naye 20, na ni pesa yako sio yake. Madereva wanahamahama kwa hiyo wengi hawafiki miaka mitatu, lakini usipange biashara kwa kuombea mtu aondoke. Nyingine ni SIMPLE IRA, ambayo kila mtu anaweka yake hadi dola 17,000, na kampuni inachangia ama kulinganisha hadi asilimia 3 kwa anayeweka, au asilimia 2 kwa kila anayestahili. Kwa wafanyakazi wawili watatu mimi naona SIMPLE ndo inapumua. Tatizo lake ni miaka miwili ya mwanzo, ukitoa pesa kabla haijaisha na hujafika miaka 59 na nusu, adhabu ni asilimia 25 badala ya 10 iliyozoeleka. Na huwezi kuendesha SIMPLE pamoja na Solo kwa mwaka mmoja kwenye kampuni ileile, kwa hiyo panga mabadiliko yaanze Januari, sio katikati ya mwaka.

SWALI: Mimi ni nesi, hospitali naweka mpaka mwisho kwenye mpango wao. Pembeni nina kampuni ndogo ya S-Corp ya kufundisha wahudumu wa wazee majumbani, najilipa mshahara 40,000. Nifungue Solo na mimi niweke 24,500 nyingine?
*Nesi mwenye kampuni, Ohio*

JIBU: Hapana dada, hiyo 24,500 ni ya mtu, sio ya kazi. Ukiwa na waajiri wawili au watano ni hiyohiyo moja mnagawana, na kama hospitali umeimaliza, kwenye kampuni yako upande wa mwajiriwa ni sifuri. Ukizidisha, waajiri hawatajua manake hawaongei, ila IRS inaziona W-2 zote mbili, na ziada isipotolewa kabla ya Aprili 15 mwaka unaofuata inatozwa kodi mara mbili.

Kinachobaki ni sehemu ya kampuni, asilimia 25 ya 40,000, ni dola 10,000. Na hapa ndo jibu linageuka, kwako SEP na Solo zinatoa namba ileile, kwa hiyo chukua SEP ile ya karatasi moja ulale. Nyongeza yake nyingine, SEP unaweza kuifungua hata baada ya mwaka kuisha, mradi ni kabla ya siku ya mwisho ya ritani ya kampuni pamoja na muda wa kuongezewa. Faida kubwa ya Solo kwako ingekuwa kukopa, manake 401(k) inaweza kukuruhusu kukopa hadi nusu ya kilichomo, mwisho 50,000, wakati SEP haikopeshi.

Kitu kimoja uangalie kwenye karatasi zako za hospitali, mpango wao ni 401(k) au 403(b)? Hospitali nyingi zisizo za faida zina 403(b), na ukiwa na hiyo halafu una kampuni unayoimiliki, kile kikomo cha jumla cha 72,000 kinahesabiwa kwa pamoja badala ya kila mpango na chake. Kwa namba zako hamkaribii huko, 24,500 na 10,000 pamoja na kile hospitali inachokuchangia, lakini ukija kupanda mshahara ukumbuke.

SWALI: Binti, hujambo. Nina miaka 61, mhandisi, kampuni yangu ya ushauri S-Corp, mshahara 80,000. Nilichelewa, nilikuwa nasomesha. Nina green card, sio raia, na nataka nirudi nyumbani Tanzania nikifika 67. Watu wananitisha kwamba pesa ya kustaafu ya Marekani ukiondoka inaliwa. Kuna maana ya kuanza?
*Mzee wa Maryland*

JIBU: Sijambo baba, shikamoo. Ipo maana, tena umri wako ndo unaopewa upendeleo.

Kuanzia miaka 60 hadi 63 sheria inaruhusu nyongeza ya dola 11,250 juu ya zile 24,500, kwa hiyo kutoka kwenye mshahara wako unaweza kuweka 35,750, na kampuni ikaongeza asilimia 25 ya 80,000, yaani 20,000. Jumla 55,750 kwa mwaka mmoja. Kwa SEP ungeishia 20,000 tu, haina nyongeza ya umri. Ukipita 63 nyongeza inarudi kwenye ile ya kawaida ya kuanzia miaka 50, ambayo mwaka huu ni 8,000. Hakikisha tu mkataba wa mpango unaouchagua unairuhusu nyongeza hiyo, uulize kwa jina lake kabla ya kusaini.

Kuhusu kuliwa. Umeshapita 59 na nusu, kwa hiyo ile adhabu ya asilimia 10 ya kutoa mapema haikugusi, uwe Maryland au Tanga. Wala hakuna anayekulazimisha kutoa siku unayopanda ndege, kwa mtu aliyezaliwa 1960 au baada ya hapo kulazimishwa kutoa kunaanza akiwa na miaka 75. Kinachobadilika ni kodi. Ukiwa bado na green card Marekani inakuhesabu mkazi wake wa kodi popote ulipo na unaendelea kupeleka ritani kama kawaida. Ukiirudisha rasmi unakuwa mgeni, na mgeni akitoa pesa kampuni ya uwekezaji kwa kawaida inakata asilimia 30 papo hapo, manake Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Hizo 30 sio lazima ziwe kodi yako ya mwisho, sehemu iliyotokana na kazi uliyoifanya humo inahesabiwa kwa viwango vya kawaida, na kilichozidi unakidai kwa fomu 1040-NR, ritani ya wageni, lakini ni usumbufu na unasubiri. Kuirudisha green card uliyokaa nayo miaka mingi nako kuna kodi yake ya kuondoka kwa wenye mali nyingi, kwa hiyo tafuta mhasibu wa mambo ya kimataifa mwaka mmoja kabla, sio wiki ya kufunga mizigo.

Kwa sababu hiyo ningekushauri usikimbilie kuweka yote ya Roth wala yote ya kawaida. Leo unakatwa kodi ya mshahara wa 80,000 pamoja na gawio, mwambie mhasibu akuonyeshe uko kwenye asilimia ngapi, na kama iko chini basi sehemu ya Roth ina mantiki.

Na kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi. Baadhi ya kampuni za uwekezaji zikiona anwani ya nje ya Marekani zinazuia kununua kitu kipya, nyingine zinataka uhamishe akaunti kabisa. Waandikie sasa hivi, kabla hujafungua, uwaulize wanamfanyaje mteja mwenye Solo 401(k) akihamia Tanzania, na jibu lao wakupe kwa maandishi. Kampuni ikifungwa mpango nao unafungwa na pesa zinahamia IRA, yaani akaunti binafsi ya kustaafu, kwa hiyo uliza na hiyo IRA wanaiendeshaje mtu akiwa nje.